Kabla hujanunua konsoli, andika gemu zako tano

Kila anayejua kwamba napenda gemu huniuliza swali lilelile: ninunue PlayStation, Xbox au Nintendo? Nami humuuliza kwanza, unataka kucheza nini? Hapo wengi hukwama. Wametazama video za kulinganisha mashine hadi wamekariri ukubwa wa kumbukumbu na kasi ya kichakataji, lakini hawajawahi kuketi wakaorodhesha gemu wanazozitaka. Naamini kwa dhati kwamba hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Gemu ndizo zinazochagua konsoli, na ukizifuata zitakufikisha kwenye mashine inayokufaa wewe, hata kama siyo inayosifiwa zaidi.

Andika orodha

Chukua karatasi uandike gemu tano unazotamani kuzicheza ndani ya mwaka mmoja. Sharti ni kwamba ziwe zimeshatoka. Hollow Knight: Silksong ilitangazwa Februari 2019 ikatoka Septemba 2025, katikati hapo PlayStation 5 na Xbox Series zilizaliwa, na Switch ya Nintendo ikapata mrithi. Grand Theft Auto VI iliahidiwa kutoka 2025, ikasogezwa hadi Mei 2026, kisha hadi Novemba 2026. Gemu kama hizo nazisubiri kwa hamu kubwa, lakini konsoli nanunulia gemu ninayoweza kuicheza siku hiyohiyo ninapoichomeka kwenye umeme.

Kando ya kila gemu andika utacheza na nani, utachezea wapi, na utaketi kwa muda gani kila unapocheza. Orodha yangu mimi ina Elden Ring, Astro Bot, Balatro, Split Fiction na The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom. Elden Ring ni ya peke yangu mbele ya runinga kubwa, usiku, nikiwa na hakika kwamba hakuna atakayeniita, kwa sababu haikuruhusu kusimamisha pambano katikati. Balatro ni ya kitandani, nusu saa kabla ya usingizi. Split Fiction imetengenezwa kwa watu wawili na haichezeki kwa mmoja. Naicheza na mdogo wangu, yeye akiwa hodari wa kuruka na mimi wa kulenga. Tears of the Kingdom huenda nami popote.

Kwa hiyo mahitaji yangu yameshajulikana kabla sijatazama tangazo lolote: nahitaji mashine moja ya runingani yenye nguvu, na moja ya mkononi. Mpwa wangu orodha yake ni tofauti kabisa. Ana Fortnite na EA Sports FC, gemu ya mpira, basi. Kumnunulia huyo mashine ya bei ya juu kabisa ni kumtupia pesa chini, maana gemu zake zinakimbia vizuri kwenye mashine ndogo kuliko zote.

Gemu ipi iko wapi

Sasa linganisha orodha na mashine. Zamani kila kampuni ilifungia gemu zake nyumbani kwake. Hali imebadilika sana, na anayenunua kwa mazoea ya miaka kumi iliyopita atanunua vibaya.

Microsoft, wenye Xbox, sasa inapeleka gemu zake kwa mpinzani. Forza Horizon 5 ilifika PlayStation 5 Aprili 2025, na mwezi huohuo Indiana Jones and the Great Circle ikafika pia, miezi michache tu baada ya kutoka kwenye Xbox. Gears of War: Reloaded ilitoka Agosti 2025 kwenye mashine zote mbili kwa pamoja. Sony, wenye PlayStation, nayo hupeleka gemu zake nyingi kwenye kompyuta baada ya kuzikalia muda: God of War Ragnarök ilitoka 2022 ikafika kwenye kompyuta 2024. Nintendo haijasogea hata hatua moja. Ukitaka Mario, Zelda au Donkey Kong mpya, utanunua mashine ya Nintendo, hakuna njia nyingine halali.

Ukiwa na kompyuta nzuri ya kuchezea, basi sababu ya kununua Xbox imepungua sana, kwa kuwa gemu za Microsoft hutoka kwenye kompyuta siku ileile. Sababu ya kununua PlayStation imebaki, ila ni ya mtu asiye na subira. Mimi ni mmoja wao: Astro Bot, iliyotoka Septemba 2024 na kushinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, inapatikana kwenye PlayStation 5 peke yake, na singekubali kuikosa. Kila hatua yake ina wazo jipya, halafu inaliacha kabla hujalichoka.

Mashine zenyewe

PlayStation 5 ya kawaida, ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 ikiwa na nafasi ya terabaiti 1, ndiyo ninayompendekezea mtu anayetaka mashine moja tu ya runingani. Inacheza karibu gemu zote za PlayStation 4, na kontrola yake ina vifyatuo vinavyobadilika ugumu kulingana na unachofanya ndani ya gemu. Ukitaka kuhisi maana ya jambo hilo, fungua Astro's Playroom, ambayo huja ndani ya mashine bila malipo. Toleo lisilo na kichezea diski unaweza kuliongezea kichezea baadaye, lakini kumbuka kwamba siku ya kukifunga lazima mashine iwe kwenye intaneti ili kitambuliwe.

PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 naizungumzia kwa tahadhari. Ina terabaiti 2, ina sehemu ya michoro yenye nguvu zaidi, na ina teknolojia ya kukuza picha ndogo ikaonekana kali. Haina kichezea diski ndani ya boksi. Lakini jambo linalosahaulika ni kwamba kichakataji chake kikuu ni kilekile kwa sehemu kubwa. Gemu ikiwa inakwama kwa sababu ya michoro, Pro itaisaidia sana. Ikiwa inakwama kwa sababu ya hesabu nyingine, kama vile kufuatilia mienendo ya wakazi wengi wa mji, haitafanya miujiza. Dragon's Dogma 2 ilipotoka Machi 2024 ilipungua kasi mijini kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo mnunulie Pro mtu mwenye runinga kubwa ya 4K (yenye ukali wa juu wa picha) anayekaa karibu nayo na anayependa gemu za dunia kubwa, ambamo unazurura popote. Wengine watakuwa wanalipia tofauti wasiyoiona.

Xbox Series X na Series S zilitoka pamoja Novemba 2020. Sifa ninayoipenda zaidi kwenye Xbox ni heshima yake kwa gemu za zamani: zile za Xbox One, na nyingi za Xbox 360 na hata za Xbox ya kwanza, zinachezeka, na baadhi zinakimbia vizuri kuliko zilivyokimbia siku zake. Kama una diski za zamani kabatini, Series X yenye kichezea diski itazifufua. Series S ni ndogo, tulivu, na ni mashine nzuri ya pili nyumbani au ya kijana kama mpwa wangu, lakini ujue inabanwa na kumbukumbu. Ina GB 10 wakati Series X ina GB 16. Mfano unaoonekana wazi ni Baldur's Gate 3: ilipofika Xbox Desemba 2023, kugawana skrini kwa wachezaji wawili kuliachwa nje kwenye Series S. Kuliongezwa humo Aprili 2025 tu.

Nintendo Switch 2, ya Juni 5, 2025, ndiyo konsoli mpya iliyonifurahisha zaidi kizazi hiki. Skrini ya inchi 7.9 yenye ukali wa 1080p na uwezo wa kuonyesha hadi fremu (yaani picha) 120 kwa sekunde, nafasi ya GB 256 badala ya zile 32 za Switch ya kwanza, na vidhibiti vinavyojishika kwa sumaku. Gemu nyingi za zamani zinachezeka, na baadhi zimepata sasisho la bure linalozibadilisha kabisa. Pokémon Scarlet na Violet zilikuwa zinakwamakwama vibaya sana kwenye Switch ya kwanza. Kwenye mpya zinateleza kwa fremu 60. Donkey Kong Bananza ya Julai 2025, ambamo unaweza kuvunja karibu kila ukuta na kila mlima, nadhani ni sababu tosha ya kuinunua. Udhaifu wake ni betri. Nintendo yenyewe inataja kati ya saa 2 na saa 6.5, na kwa gemu nzito utakuwa upande wa mbili, si wa sita. Panga kuwa karibu na chaji.

Steam Deck nayo ni kompyuta iliyovaa umbo la konsoli ya mkononi. Ile ya skrini ya OLED ya 2023 ndiyo ya kununua ukiweza: rangi zake ni nzuri zaidi, betri inadumu zaidi, na skrini inafika fremu 90. Faida yake kubwa ni kwamba gemu ulizonunua kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, miaka iliyopita zinakusubiri humo. Kabla ya kununua, tafuta kila gemu ya orodha yako kwenye duka la Steam uone alama ya kuthibitishwa kwa ajili ya Deck. Fortnite na Call of Duty hazichezeki humo kwa kawaida, kwa sababu programu zao za kuzuia udanganyifu hazikubali mfumo wa uendeshaji wa mashine hiyo. Nimeona watu wakiinunua kwa ajili ya gemu hizo hasa. Inasikitisha, na dakika tano za kusoma zingewaepusha.

Fremu kwanza, pikseli baadaye

Hapa ndipo nina msimamo mkali kuliko popote. Maboksi huandikwa 4K kwa herufi kubwa, lakini kitu kitakachofanya mikono yako iifurahie gemu ni idadi ya fremu kwa sekunde.

Gemu ni mfululizo wa picha. Kwa fremu 30 kila picha hukaa kwenye skrini milisekunde 33 na kidogo. Kwa fremu 60 hukaa milisekunde 16.7. Kwa 120, milisekunde 8.3. Unapobonyeza kitufe cha kukwepa upanga, jibu lako haliwezi kuonekana kabla picha inayofuata haijachorwa, kwa hiyo fremu chache zina maana ya mkono uliochelewa. Ndiyo maana mtu anaweza kushindwa na bosi (adui mkuu) mmoja kwa muda mrefu akijilaumu, kumbe mashine imewekwa kwenye hali ya picha kali yenye fremu 30.

Gemu nyingi za siku hizi hukupa kuchagua: hali ya ukali wa picha, au hali ya kasi. Chagua kasi. Usipepese macho. Kwenye PlayStation 5 unaweza hata kuiagiza mashine ifanye hivyo kwa gemu zote zinazokubali mpangilio huo, kwenye mipangilio ya data zilizohifadhiwa na gemu, sehemu ya chaguo za awali za gemu. Mwili huizoea tofauti ya picha ndani ya dakika chache, lakini uzito wa fremu 30 hukufuata hadi mwisho wa gemu.

Kuna njia ya kati ambayo naithamini sana na haizungumzwi vya kutosha, nayo ni fremu 40. Ukitazama juujuu utadhani ni nyongeza ndogo juu ya 30. Lakini hesabu kwa muda: fremu 40 ni milisekunde 25 kila picha, na 25 iko katikati kabisa ya 33.3 na 16.7. Unapata nusu ya faida ya kufika 60 huku picha ikibaki kali. Ratchet & Clank: Rift Apart ina hali hiyo na inapendeza mno. Sharti ni runinga au skrini ya 120 Hz, yaani inayobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kwa kuwa 40 inaingia mara tatu kamili katika 120 na haiingii sawasawa katika 60.

Hapo tunafika kwenye runinga, ambayo ni nusu ya konsoli na watu huisahau. Runinga nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha, zikilainisha mwendo na kuongeza rangi, na kazi hiyo hula muda. Kwa filamu hutagundua. Kwa gemu, utahisi kana kwamba kontrola imelegea. Ingia kwenye menyu ya picha ya runinga yako uwashe hali ya gemu, kisha uzime kila kitu kinachodai kulainisha mwendo. Ni bure, na kwa runinga nyingi za zamani itabadilisha mchezo kuliko konsoli mpya. Ukiwa unanunua runinga mpya, ulizia tundu la HDMI 2.1, uwezo wa 120 Hz, na uwezo wa kubadilisha kasi ya skrini kufuata mashine, kwa kuwa huo wa mwisho huficha mikwamo midogo vizuri sana. Tazama pia ni tundu lipi hasa lenye uwezo huo. Mara nyingi si yote.

Diski, kadi au kupakua

Mimi ni mtu wa diski, na sababu zangu ni za vitendo. Diski naweza kumwazima mdogo wangu, naweza kuiuza, na naweza kuinunua kwa mtu mwingine. Gemu ya kupakua ni leseni iliyofungwa kwenye akaunti. Maduka nayo hufungwa: Nintendo ilisimamisha ununuzi kwenye maduka ya konsoli zake za zamani, 3DS na Wii U, Machi 2023, na duka la Xbox 360 likafungwa Julai 2024. Waliokuwa wameshanunua waliweza kuendelea kupakua, ila gemu ambazo hazikuwahi kuwa na diski zilikuwa ngumu kuzipata kihalali baada ya hapo.

Hata hivyo diski haikulindi na kila kitu. The Crew, gemu ya mbio za magari, ilihitaji seva (kompyuta za kampuni mtandaoni) hata kwa mchezaji wa peke yake, na seva zilipozimwa mwisho wa Machi 2024 gemu ikafa, iwe una diski au huna. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma kwenye boksi kama gemu inadai intaneti wakati wote. Kama inadai, ihesabu kuwa ni ya kukodi.

Wanunuzi wa Switch 2 wasome zaidi. Baadhi ya kadi zake hazina gemu ndani. Ni ufunguo tu unaokuruhusu kuipakua, na boksi lina onyo sehemu ya chini ya jalada la mbele. Kadi hiyo unaweza kumpa mtu mwingine au kuiuza, lakini inahitaji nafasi kwenye mashine na intaneti ya kupakulia. Cyberpunk 2077 kwa upande wake ilikuja Switch 2 ikiwa nzima ndani ya kadi ya GB 64, na naipongeza kampuni iliyoitengeneza kwa uamuzi huo. Mwenye intaneti ya polepole au yenye kikomo aichukulie tofauti hii kwa uzito mkubwa kuliko ukali wa picha.

Usajili nitaupitia haraka. Kucheza mtandaoni na wengine kwenye PlayStation, Xbox na Nintendo kunadai usajili wa kulipia kwa gemu nyingi. Zile za bure kama Fortnite hazidai. Viwango vya juu, kama PlayStation Plus Extra au Game Pass, vinakupa maktaba ya kuchezea. Tazama gemu zako tano ziko ngapi ndani ya maktaba hiyo leo. Zikiwa tatu, lipia mwezi mmoja, ucheze, uache. Zikiwa moja au hakuna, nunua gemu yenyewe. Usilipie mwaka mzima kwa ajili ya wingi, kwa sababu gemu huingia na kutoka humo.

Nafasi na kontrola

PlayStation 5 ya kwanza ilikuwa na GB 825, lakini zilizobaki kwa ajili ya gemu ni GB 667 hivi. Call of Duty moja inaweza kupita GB 100. Nafasi itakuishia, kwa hiyo ipangie bajeti mapema. Kwenye PlayStation 5 unaweza kuongeza diski ya kuhifadhia ya aina ya M.2, ile ya kawaida ya kompyuta, ndani ya mashine, mradi iwe na kasi inayopendekezwa ya MB 5,500 kwa sekunde na kipoza joto. Xbox Series inatumia kadi zake maalumu. Switch 2 inadai kadi za microSD Express. Zile microSD za zamani ulizo nazo hazitaendesha gemu humo, kwa hiyo usidanganyike na umbo linalofanana. Diski ya nje ya USB bado ina kazi: kwenye PlayStation 5 inaendesha gemu za PlayStation 4, na kwenye Xbox inaendesha za Xbox One na zilizotangulia, hivyo nafasi ya ndani ikabaki kwa gemu mpya.

Kwa kontrola, kama unacheza na watu nyumbani, hesabu za pili na za tatu. Xbox Series inapokea kontrola za Xbox One, na Switch 2 inapokea Joy-Con na Pro Controller za Switch ya kwanza. PlayStation 5 haikubali kontrola ya PlayStation 4 kwa gemu za PlayStation 5, kwa hiyo familia inayohamia huko itanunua upya. Tatizo la kijiti kinachojisogeza chenyewe husababishwa na sehemu za ndani zinazosuguana hadi zinalika. Kontrola zenye vijiti vya sumaku hazina msuguano huo, na kadhaa za kampuni nyingine zinavyo. Kabla ya kutupa kontrola iliyoanza kujisogeza, ingia kwenye mipangilio ya gemu uongeze kidogo eneo ambalo kijiti hupuuzwa katikati. Mara nyingi utaongeza miezi ya matumizi.

Mtu mwenye shida ya mikono asidhani kwamba gemu hazimhusu. Xbox Adaptive Controller ipo tangu 2018, na kontrola ya Access ya PlayStation ilifuata Desemba 2023. The Last of Us Part II ilikuwa na chaguo zaidi ya 60 za urahisishaji ilipotoka 2020. Jambo hili lingepewa nafasi kubwa zaidi kwenye kila uhakiki.

Kununua gemu mpya

Subiri wiki mbili. Huo ndio ushauri wangu kwa karibu kila gemu, na hasa kwa ile inayosubiriwa sana. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 10, 2020, wahakiki walikuwa wamepewa toleo la kompyuta tu. Waliokuwa na PlayStation 4 na Xbox One walinunua kwa imani wakakuta gemu iliyovunjikavunjika. Sony iliiondoa dukani kwake mwezi huohuo na haikuirudisha hadi Juni 2021. Leo, baada ya masasisho ya 2023, ni mojawapo ya gemu nzuri kabisa za dunia kubwa. Ilivyokuwa ndivyo inavyokuwa mara nyingi: anayesubiri hupata gemu bora kwa bei ndogo.

Kwa hiyo unaposoma uhakiki, tafuta kwanza mwandishi alichezea mashine gani. Kama siyo yako, sifa zake hazikuhusu bado. Tazama video isiyo na maneno ya mtu akicheza kwenye mashine yako hasa, mahali penye fujo nyingi, usitazame mandhari ya mwanzo iliyopambwa. Gemu ya mtandaoni ipe muda mrefu zaidi. Concord ilitoka Agosti 23, 2024, ikazimwa Septemba 6, na walionunua wakarudishiwa pesa. Bahati hiyo usiitegemee.

Majaribio ya bure yatumie kila yanapopatikana. Steam inakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujacheza kufika saa mbili, kwa hiyo kwenye kompyuta anza na mipangilio na sehemu yenye vita, usizunguke kwenye menyu ya kutengeneza sura ya mhusika. Kwa gemu za watu wawili kama Split Fiction na It Takes Two, ulizia pasi ya rafiki: mmoja akinunua, mwenzake anajiunga mtandaoni bila kununua.

Wala usidharau gemu ndogo. Stardew Valley ya 2016 ilitengenezwa na Eric Barone peke yake. Balatro nayo ni kazi ya mtu mmoja, na imenichukulia usiku mwingi kuliko gemu yenye mamia ya watengenezaji. Clair Obscur: Expedition 33, ya Aprili 2025, imetoka kwa kikosi kidogo cha Sandfall Interactive huko Montpellier, Ufaransa, na mapambano yake ya zamu, ambamo unakwepa na kukinga kwa wakati halisi, yana uhai ambao aina hiyo ya gemu iliukosa kwa muda mrefu. Weka angalau moja ya namna hii kwenye orodha yako ya tano. Hazidai mashine ya gharama, na kwenye konsoli ya mkononi ndipo zinapong'aa.

Usiku wa kwanza

Mashine ikifika, iweke mahali penye hewa, si ndani ya kabati lililofungwa, na uiache isasishe mfumo kabla hujaahidi mtu yeyote kwamba mtacheza. Washa hali ya gemu kwenye runinga, pima HDR (tofauti ya mwanga na giza kwenye picha) kwa kufuata picha ambazo konsoli inakuonyesha, na uchague kasi badala ya ukali. Kama kuna mtoto nyumbani, tengeneza akaunti yake mwenyewe yenye kikomo cha umri, na uweke namba ya siri kwenye ununuzi kabla hajaifungua Fortnite.

Kisha fikiria rekodi zako za mchezo, yaani kumbukumbu ya ulipofikia kwenye kila gemu. Xbox huzihifadhi mtandaoni bila malipo. PlayStation 5 na Nintendo hudai usajili kwa huduma hiyo, na PlayStation 5 haikuruhusu kunakili rekodi za gemu zake kwenye USB. Kwa Nintendo kuna gemu chache ambazo hazihifadhiwi mtandaoni hata ukilipa, kwa hiyo fungua maelezo ya kila gemu dukani utazame mstari huo. Ukihama kutoka mashine ya zamani, hamisha kwanza, hakikisha rekodi zinafunguka kwenye mpya, ucheze hata dakika kumi, ndipo uifute ile ya zamani.